Pleti Kumi na Mbili za Mama Enesi

Siku yangu ya kwanza karakanani Tunduma, enzi za ruksa ndiyo kwanza zimeanza, sikupewa spana. Nilipewa tairi. Fundi Mkuu, Mnyiha mfupi mwenye sauti iliyovuka mpaka Nakonde, Zambia, bila kupita forodhani, alikuwa ameinua nyuma za pikapu mbili kuukuu.

"Zungusha hilo la kulia."

Nikazungusha. La kushoto likaenda kinyume.

"Haya, njoo kwenye hii."

Hii ilikuwa nzito, na la kushoto likafuata upande uleule wa mwenzake.

"Umeona nini?"

"Nimeona hii ya pili ina ubishi, Mzee."

Akacheka mpaka akakalia tairi la akiba. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Vijana mnaosoma haya, difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Linapokea nguvu kutoka gia boksi na kuyagawia matairi mawili. Kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo difu inaliachia likimbie zaidi. Ubaya wa difu ya kawaida ni kwamba tairi moja likiingia topeni, nguvu yote inakimbilia huko kwenye utelezi, na lile lililo pakavu linabaki kutazama kama mgeni wa harusi. Ile yenye ubishi tuliiita difu ya pleti. Ndani yake kuna pleti za chuma nyembamba zilizobanwa kwa springi: moja ina meno ndani, inayofuata ina meno nje, hivyo hivyo mpaka mwisho. Tairi moja likitaka kutoroka, pleti zinalishika, na la pili linapata nguvu ya kuvuta.

Hayo nayajua leo. Wakati ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, na nilijiona injinia wa kutengeneza hata meli.

Mwaka wangu wa tatu, Fundi Mkuu akiwa msibani Ileje kwa wakwe zake, akaja Mama Enesi, mfanyabiashara wa chumvi ya Ivuna. Pikapu yake ilikuwa ikinguruma kila kona kama simba mwenye jino bovu. Kumbe mtu alikuwa ameijaza oili ya kawaida, na difu ya pleti ina oili yake maalumu. Bila hiyo inalalamika. Mimi sikuuliza. Nikafungua, nikatoa pleti zote kumi na mbili, nikajaza nafasi kwa washa nene, zile pete za chuma za kuwekea bolti. Kimya! Mama Enesi aliniita profesa na kuniletea jogoo mkubwa kama mbuzi.

Mvua zikaanza. Dereva wa lori akaleta habari kwamba pikapu ya Mama Enesi imezama kwenye tope jeusi la Ivuna na chumvi yote mgongoni, tairi moja linazunguka kama feni, jingine limelala usingizi. Fundi Mkuu alikuwa amerudi. Tajiri wetu, Mtanga mwenye kanzu isiyojua grisi, akaniita mbele ya watu wote.

"Umefanya nini kwenye difu ya mama wa watu?"

Nikaeleza. Fundi Mkuu akafumba macho. "Pleti ziko wapi?"

Kumi zilikuwa kwenye debe la vyuma chakavu. Mbili, mama wa chai alikuwa akifunikia vikombe.

"Sikiliza, kijana," Tajiri akasema. "Chumvi ile ndiyo mtaji wake wote. Nenda Ivuna ukaitoe. Ikiyeyuka, hapa usirudi. Baki huko huko uchimbe nyingine."

Fundi Mkuu akavuka Nakonde mwenyewe kutafuta ile oili maalumu. Akazilowesha pleti ndani ya ndoo. "Pleti kavu inaungua," alisema. Nilipomwomba tuongozane, akakataa. "Ulizitoa peke yako, Profesa."

Nilimkuta Mama Enesi ameketi juu ya magunia yake, aliyoyapanga juu ya magogo na kuyafunika turubai. Upande wa Rukwa wingu lilikuwa jeusi kama tako la sufuria.

"Fundi, ulitoa kelele ukatoa na nguvu," aliniambia. Afadhali angenipiga.

Nikatandika gunia tupu, nikainua gari juu ya mbao, nikachomoa difu. Nilipoanza kupanga pleti alisimama juu ya kichwa changu.

"Ziko ngapi?"

"Kumi na mbili, mama."

"Hesabu nisikie."

Nikahesabu kwa sauti. Kumi na moja. Naapa moyo wangu ulisimama robo saa nzima. Tone la kwanza likanidondokea shingoni.

"Hesabu tena, lakini hizo zilizonata ziachanishe!"

Kweli, oili ilikuwa imezigandisha mbili zikaonekana moja. Nikazipanga, meno ndani, meno nje, nikafunga na kujaza ile oili maalumu. Nikazungusha tairi la kulia. La kushoto likalifuata. Tukapakia magunia tukikimbizana na mvua, dereva wa Mama Enesi akatia gia, na ile pikapu ikatoka topeni taratibu, matairi yote mawili yakivuta. Hata gunia moja halikulowa.

Tuliporudi Tunduma, Fundi Mkuu hakuniuliza mimi. Alimwuliza mwenye gari.

"Imetoka?"

"Imetoka."

"Inanguruma?"

"Inakoroma kidogo tu kwenye kona."

"Basi ni nzima." Kisha akanigeukia. "Kuanzia leo difu zote ni zako."

Baadaye nilihamia karakana moja ya Vwawa, chini ya Msimamizi aliyetaka kila difu ya pleti ichomelewe iwe kipande kimoja. Tulibishana miaka sita, nikashinda. Nikarudi Tunduma, nikafungua karakana yangu. Kote huko Mama Enesi alinifuata, na hakukubali difu ifungwe kabla sijahesabu pleti mbele yake, hata wateja wakicheka. Wengine wakaiga. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye niliona ndiyo sifa yangu.

Nimestaafu nikiwa na vidole vyote kumi na furaha ya kumtosha mkuu wa wilaya. Difu yangu ya mwisho ilikuwa ya ile ile pikapu. Mama Enesi alikuwa mgonjwa nyumbani, akapiga simu.

"Weka spika, baba, nisikie."

Nikahesabu. Vijana wa karakana wakazima hata mashine ya kuchomelea. Kumi na mbili.

Akavuta pumzi. "Haya. Funga."

Nikafunga.