Mapazia ya Chumba Kitupu

Chekeni tu, lakini mjue siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke niingie, na hadi leo nikipita karibu na hilo kanisa navuta leso nifunike uso.

Ilikuwa 2008, vita vya makabila baada ya uchaguzi vimetulia lakini watu bado wanaangaliana vibaya, na kwa ploti yangu ya vyumba vya kukodisha hapa Nakuru nilikuwa na chumba kimoja kitupu. Akaja mama mmoja wa pande za Keringet, nyumba yao ilichomwa, mtoto mgongoni, anatafuta pa kukaa. Alipotaja jina tu nikajua ni wa watu gani, moyo ukakataa, nikamwambia pole, nyumba imeshachukuliwa. Si ningeachia hapo? Wapi! Nilitoa mapazia ya sebuleni kwangu (yale ya maua mekundu, zawadi ya harusi) nikatundika kwa dirisha la kile chumba, ndio akipita aone kuna mtu.

Jumapili hiyo vijana wa kanisa wakatuonyesha filamu ya Amerika ya zamani, ati itupatanishe. Familia ya watu weusi inatafuta nyumba kwa mtaa wa wazungu, nyasi zimekatwa vizuri, magari marefu, na mama mzungu anawakaribisha juisi, anatabasamu, halafu anawaambia nyumba imechukuliwa. Wueh, nililia! Nililia mpaka jirani akanipa tishu, nikamtukana huyo mzungu mbele ya wazee wa kanisa, na pasta alipouliza nani ana neno, nani alishika maiki wa kwanza? Mimi. Nikasema ningekuwa yeye ningewapa nyumba na ufunguo wa geti juu yake, watu wakapiga makofi, nami nikaendelea (makofi ni matamu, jameni).

Kule nyuma akasimama yule mama wa Keringet, mtoto amelala mgongoni. Sikujua yuko ndani. Hakuwa hata na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Asante, mathe," akasema. "Basi nihamie lini? Napita pale kila jioni, taa haiwashwi."

Na mimi, kwa mazoea, maiki bado iko mdomoni, nikajibu, "Imeshachukuliwa."

Spika zikaibeba hadi barabarani. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka.

Kesho yake nilimpelekea ufunguo pale nyuma ya kanisa walipokuwa wamemhifadhi. Akaushika, akauangalia, akanirudishia.

"Nashukuru, mathe. Lakini natafuta mahali nitalala nikifunga macho yote mawili."

Nikarudi nyumbani na ufunguo wangu. Nilisikia baadaye alipata chumba Gilgil.

Maiki sishiki tena, hata kwa harusi ya binti yangu ataongea mtu mwingine. Mapazia niliyatoa, lakini sebuleni sijaweza kuyarudisha. Na mtu akija kuuliza nyumba siku hizi, nafungua mlango kwanza, jina nitamuuliza akishaingiza godoro.