Deni Lisilotajwa Msibani

Yunisi alikuwa mpangaji wangu hapa Rusimbi, yeye na mumewe Anatoli. Watu wa Kasulu, wastaarabu, kodi hawakunisumbua. Anatoli alivua dagaa kwenye mtumbwi wa Castory, tajiri wa mitumbwi minne kule Katonga. Usiku mmoja ziwa lilichafuka, akaanguka majini, akaopolewa siku ya tatu.

Turubai la msiba lilifungwa uani kwangu. Wanawake walikaa ndani na mjane. Mimi joto la ndani lilinishinda, nikatoa kiti nikakaa kwa wanaume, na aliyetaka kununa alinuna. Ndiyo maana nilisikia. Kabla jeneza halijatolewa, Telesphory, kaka wa marehemu, alisimama akasema kama ilivyo desturi: anayemdai Anatoli aseme, ukoo upo, tutalipa. Akarudia mara mbili. Castory alikuwa ameegemea nguzo ya turubai. Akatazama viatu vyake.

Baada ya matanga Yunisi akaniaga, amepata kazi ya kuanika dagaa kwa Castory, na kulala hukohuko. Nikasema tajiri huyu ana huruma. Miaka miwili nilisema hivyo, sifichi.

Mwaka huu nilikwenda Katonga mwenyewe, maana dagaa ninaoletewa wana mchanga. Nikamkuta Yunisi kati ya waanikaji wenzake, amepiga magoti anageuza dagaa, amekonda, na kanga ileile ya msibani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona huji hata kunisalimia? Rusimbi imekuwa Ulaya?"

"Siruhusiwi kutoka, Bibi. Mpaka nimalize deni la Anatoli."

Akanieleza huku mikono inafanya kazi. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na wavuvi wanakopa unga kwa tajiri. Giza likirudi wanakatwa kwenye mapato yao. Castory alimwambia Yunisi kwamba Anatoli alikufa hajamaliza kulipa, na wavu uliopotea usiku ule ni juu yake pia. Akamnyang'anya mjane kitambulisho. Mshahara hapewi, anapewa unga, na unga huo nao unaandikwa. Kila akiuliza limebaki kiasi gani, limeongezeka.

"Alikwambia lini?"

"Shemeji zangu walipokwisha kupanda basi."

"Hukusikia Telesphory akiuliza wadai?"

"Nilikuwa ndani, Bibi. Nalia."

Nikamfuata Castory. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai.

"Bibi Kuruthumu, karibu chai."

"Sinywi. Siku ya Anatoli uliulizwa unadai nini, ukanyamaza. Leo unamdai nini mkewe?"

"Msibani mtu hadai, Bibi. Ni aibu."

"Ndipo panapoulizwa. Ungesema, kaka zake wangetaka kuliona daftari. Ulingoja abaki peke yake."

"Ya uvuvi utayajulia wapi? Kauze vitumbua vyako."

"Vitumbua nauza, na kila anayenunua nitamsimulia. Namba ya Telesphory ninayo. Muite mwenyekiti wa mtaa, ulitaje deni mbele ya hawa wote."

Waanikaji walikuwa wameacha kugeuza. Mmoja, Hasna, akasema bila kumtazama mtu, "Na la kwangu nataka nilisikie likitajwa."

Castory akacheka, akaona anacheka peke yake. Akaingia ndani, akarudi na kitambulisho, akakitupa juu ya dagaa.

"Mchukue. Ni mzigo tu huyo."

Yunisi hakuinuka. Alisema amalize kwanza kugeuza, dagaa wataoza. Nilimgombeza, hakunisikia. Nikakaa juani nikamsubiri mpaka alipogeuza dagaa wa mwisho.

Sasa yuko chumba chake kilekile, anauza dagaa wake kwa mafungu. Jasho la miaka miwili hajalipwa. Telesphory amefungua malalamiko, tunasubiri. Hasna bado yuko kule, na Ijumaa nitarudi na kiti changu, nikae mpaka deni lake litajwe.

Juzi nilimpa Yunisi kibaba cha unga. Akauliza, "Wa kukopa, Bibi?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena. Mara ya tatu nilitaka kukasirika, nikakumbuka nilivyomsifu Castory. Nikamjibu hapana, mara ya tatu, na nikangoja mpaka alipousonga.