Konzi ya Udongo kwa Papa Bahati

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkuki unaonizidi urefu karibu mara tatu, nikaambiwa nisiuangushe mbele ya watoto. Nikauangusha. Ilikuwa kwenye uwanja nyuma ya maghala ya Granville, magharibi mwa Sydney, ambako kampuni moja ilijenga kambi ya vita vya Ulaya ya kale, na mabasi ya shule yalileta wanafunzi kuona jinsi mamluki walivyoishi. Mamluki ni askari wa kukodiwa. Hapiganii nchi wala mfalme. Anampigania anayemlipa msimu huo, na msimu ukiisha anatafuta tajiri mwingine, hata akiwa adui wa jana. Mimi ni Mrundi niliyekulia katika kambi za wakimbizi Kigoma. Nilikimbia vita utotoni, nikaja Sydney kuajiriwa kuigiza vita. Ukitaka kucheka, cheka. Sisi tulicheka sana.

"Mzee, mimi nilikimbia vita, sasa niko nalipwa juu ya kufanya vita!" Huyo ni Papa Bahati, Mkongomani aliyekuwa akisimama kulia kwangu. Kwao papa ni baba; Bahati ni mwanawe wa kwanza, na sikumbuki mtu aliyemwita kwa jina jingine.

Nilianzia kwenye mizigo, chini ya Mkuu wa Kambi, nikipika uji wa shayiri na kuwaeleza watoto kwamba nyuma ya kila jeshi la kukodiwa ulifuata msururu wa wake, watoto na wachuuzi. Kisha nikapelekwa kwenye ngoma, kwani amri za vita zilipigwa kwa ngoma. Mwishowe Sajenti, mama wa Kizungu mkali aliyeijua historia na kuipenda, akaniweka safu ya mbele. "Leo, elbows down!" alinifokea kwa jina langu mpaka viwiko vikashuka vyenyewe. Pale tulisimamisha boma la mikuki: watu bega kwa bega, ncha zote nje kama miiba ya nungunungu, farasi asithubutu kusogea. Boma hilo husimama kwa sababu wa kulia kwako haondoki. Papa Bahati hakuondoka hata siku moja.

Sajenti ndiye aliyetufundisha desturi ya udongo. Kabla ya vita mamluki alipiga goti, akachota konzi ya udongo na kuirusha nyuma ya bega lake. Alikuwa anajizika mwenyewe, maana alijua akifa ugenini hana wa kumzika. Kwetu udongo hutupwa mbele, kaburini, na wale waliobaki. Papa Bahati hakuipenda desturi ile.

"Mzee, huku ni kujilaani. Mimi nikikufa, wewe utanitupia. Ukitangulia, nitakutupia. C'est promis?"

Nikamwambia ndiyo, ni ahadi, tukapeana mkono. Tangu hapo, kila onyesho akirusha ule udongo wa mchezo alinikonyeza.

Ikaja korona, kambi ikafungwa. Kapteni, yaani mwenye kampuni, aliyetaka aitwe Kapteni hata kwenye simu, alitutumia ujumbe kwamba tusubiri. Papa Bahati hakujua kusubiri. Akaenda kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Enzi za mamluki, wa safu ya mbele alilipwa mara mbili, na kila mtu alijua kwa nini. Sydney safu ya mbele waliwekwa watu wetu: wanaoogesha wazee, wanaofagia hospitali, wanaopakia maboksi. Halafu jioni televisheni ikatusema sisi wa magharibi ya jiji kwamba hatufuati masharti. Bado nina hasira, wala sioni haya kusema.

Aliugua, akalazwa, akafa bila mtu wa kwake wa kumshika mkono. Mkewe alinipigia simu akilia.

"Shemeji, wanaruhusu watu kumi tu. Watoto saba, mimi, pasta, na muke ya kaka yake. Utanisamehe, shemeji."

Nilimwambia hana kosa, na kweli hakuwa nalo. Nikaenda hivyo hivyo kwa miguu kutoka kwangu Auburn, nikasimama nje ya uzio wa makaburi. Jeneza nililiona kwa mbali. Polisi kijana akanijia, pembeni yake mwanajeshi wa kweli, maana jeshi lilitumwa kusimamia masharti.

"You can't stand here, mate."

Nikamweleza kwamba anayezikwa ni mwenzangu wa safu, nimeahidi kumtupia udongo.

"Sorry, mate. Ten only."

Nimefukuzwa na wanajeshi tangu utotoni, lakini kufukuzwa mazikoni sikuwahi. Niliondoka mikono mitupu.

Vijana huniuliza kwa nini nilistaafu ghafla, bila keki wala hotuba. Sababu ni hii. Kambi ilipofunguliwa tena, Sajenti alikuwa ameshaacha kazi, na Kapteni akaniita pembeni.

"Leo, no more dirt, okay? Too sad. After Covid, people want fun."

Udongo uondolewe, watu wanataka furaha! Hakuuliza hata Papa Bahati alizikwa wapi. Mkuki wake ulikuwa bado umeegemezwa ukutani pale alipouacha.

Onyesho la kwanza walikuja watoto wa shule moja ya Fairfield. Walijipanga boma, vijiti mikononi. Ngoma ilipolia niliwaambia waweke vijiti chini, wapige goti, wachote udongo. Nikawaeleza kwamba mamluki aliurusha nyuma kwa sababu hakuwa na mtu.

"But we throw it in front," nikawaambia, "because this man had people."

Binti mmoja mwenye sura ya kwetu akauliza, "Who's it for, sir?"

"Papa Bahati."

Alilitamka jina vizuri, wenzake wakalirudia, wakarusha wote kwa pamoja. Nami nikatupa konzi yangu mbele, chini, kama nilivyoahidi.

Maiki ya Kapteni ikanguruma. "Leo! What the hell are you doing?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza hata neno moja la Kiswahili. Nilimjibu kwa Kiswahili.

"Tunazika, Kapteni. Vua kofia."