Kisanduku Kinachosikia Mto

Wiki jana nilikuwa ofisi ya chifu kule Kianjokoma, nikingoja muhuri, msanii kutoka Meru mjini alipoweka kisanduku mezani. Aliomba ruhusa ya kukifunga kwenye mti kando ya mto, msituni. Maji yakivuma, alieleza, taa ndogo zitawaka matawini; yakitulia, zitafifia.

Mama mmoja mkulima wa majani chai alikikazia macho, mikono kifuani.

"Hii kitu iko na masikio?"

"Inasikia mto tu, mama."

"Na mimi nikipita na kuni?"

"Taa zitawaka kidogo. Haishiki maneno."

"Inasikia, lakini haikumbuki," mama alisema polepole. "Hata bwanangu huniambia hivyo."

Tulicheka, lakini hakuna aliyemwamini msanii. Wanaookota kuni msituni bila kibali ni wengi, na askari wa msitu hana huruma. Msanii akakifungua kisanduku, akatuonyesha nyaya na betri. Chifu alichungulia, akakisogeza mbali naye kwa kalamu, ndipo akakubali.

Jumamosi tulikwenda kutazama. Mto ulivuma, na taa zikapanda mtini hadi juu, za kijani na buluu. Palipendeza kweli. Msanii alifurahi kuona umati umetulia hivyo, akaniambia hajawahi kupata watu wanaosikiliza mto kwa heshima kiasi hicho.

Sikumwambia kwamba tulikuwa tunaogopa kuongea. Chifu mwenyewe, akitaka kuniuliza saa, alininong'oneza.