Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Maua

Siku wanawake wa kikundi cha mikopo walipokuja kubeba godoro lake, Evaresta alilikalia. Walimvuta miguu, akashikilia kitanda. Wakavuta tena kwa nguvu zaidi, kitanda kikasogea naye mpaka mlangoni, kikakwama. Agnetha, mwenyekiti wa kikundi, ambaye alipata kipaimara siku moja naye katika kanisa moja, alimkanyaga vidole ili aachie. Evaresta hakuachia. Alimng'ata Agnetha paja juu ya kitenge, mpaka mama wa watu akapiga yowe lililowatoa majirani mashambani na majembe yao mikononi.

Hata hivyo godoro liliondoka. Liliondoka pamoja na sufuria kubwa, mabati yaliyokuwa yameegemezwa nyuma ya jiko na mbuzi mwenye mimba. Nusu ya watu wa kijiji cha Rugu walisimama uani wakitazama, wengine wakimhurumia, wengine wakicheka kabisa. Evaresta alibaki amekaa kwenye mbao za kitanda, mdomoni ana nyuzi za kitenge cha Agnetha.

Mkopo wenyewe ulikuwa wa ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, na aliyelitunga jina hilo alikuwa ameshakopa. Evaresta alichukua hela anunue maharage wakati wa mavuno, ayafungie chumbani, auze bei ikipanda. Mvua kubwa ikapita chini ya mlango. Alipofungua chumba alikuta maharage yameota, yana mikia. Marejesho yalikuwa kila Jumanne, na Jumanne haingojei maharage ya mtu. Akakopa kwingine alipe pale, akakopa pale alipe kwingine, mpaka akawa anapita njia ya mgombani kwenda kisimani ili asikutane na mtu.

Kijijini siku hizi wanamsimulia kama mama shujaa. Mimi sitasema hivyo. Katika miezi ile Evaresta alikuwa mtu mbaya. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa, chakula hakikupita kooni, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Binti yake Kemigisha alivunja kikombe, kikombe kimoja tu cha plastiki, Evaresta akampiga mwiko wa ugali juu ya jicho, damu ikamwagika kwenye sare ya shule. Kisha akamshika mtoto na kulia kuliko mtoto mwenyewe. Kesho yake akampiga tena kwa sababu sare ilikuwa na damu.

Mumewe, Elipidius, alirudi jioni ya godoro akiwa ameshasimuliwa njiani, tena na watu watatu wenye matoleo matatu tofauti. Alimpiga kofi lililomwangusha kwenye mafiga.

"Unanitia aibu mbele ya watu, Mama Kemigisha!"

Evaresta aliinuka na ukuni uliokuwa unawaka. Alimchapa nao begani, cheche zikaruka, shati likashika moto. Wakapigana huku wakizima shati, mmoja akipiga, mwingine akimwaga maji, kisha wakibadilishana. Walipochoka walikaa chini wote wawili, pua zinatoka damu.

"Deni limekwisha?" Elipidius aliuliza.

"Limekwisha. Si wameshabeba?"

Alidanganya. Vitu vile vilipunguza deni tu, havikulimaliza, na Agnetha alikuwa ametamka wazi kwamba safari ijayo atakuja kubeba mabati yaliyo juu ya paa.

Sasa, nyuma ya nyumba ile kuna kibanja alichokiacha baba yake Elipidius, migomba na mibuni imechanganyika, na kaburi la mzee mwenyewe liko katikati. Mibuni ile ndiyo iliyomsomesha Elipidius mpaka darasa la saba, ndiyo iliyomtoa Evaresta kwao. Hawakuwa na kitu kingine duniani. Mwaka ule ilitoa maua mpaka matawi yakawa meupe, harufu inaingia mpaka chumbani.

Evaresta akaenda Omurushaka kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Melkiory, akamuuzia maua.

Kwa asiyejua, biashara hiyo huku tunaiita butura. Mbuni ukiwa bado na maua, mwenye shida anauza kahawa ambayo haijawa kahawa. Mnunuzi anatoa hela kidogo leo. Msimu ukifika anakuja na watu wake na magunia yake, anachuma mwenyewe na kuondoka, na wewe unasimama pembeni umefunga mikono. Serikali imekataza, kwa hiyo inafanyika kwa kunong'onezana. Hakuna risiti, hakuna shahidi, na mara nyingi hakuna mwenzi anayeambiwa.

Evaresta alilipa deni lote la kikundi, akamtupia Agnetha hela miguuni na kuondoka bila kuaga. Alichokuwa hajui ni kwamba wiki moja kabla yake Elipidius alikuwa amekwenda kwa mfanyabiashara mwingine, Novatus, naye akauza maua yaleyale.

Elipidius naye alikuwa na lake. Mama yake alifanyiwa upasuaji Bukoba, na Evaresta aliambiwa kwamba ukoo umechanga. Ukoo haukuchanga hata mia. Elipidius alikopa kwa mtu, mtu akawa anamtishia kwa panga kila wakikutana kilabuni, mpaka akaacha kwenda kilabuni. Mkewe alidhani ameokoka.

Ikafuata miezi ya ajabu. Elipidius akawa anapalilia mibuni kila asubuhi, anatandaza majani makavu chini yake, anakata vichipukizi. Evaresta naye akawa anachota samadi na kuimwaga shinani, mgongo unamuuma na hasemi. Kila mmoja alimhofu mnunuzi wake, na kila mmoja alidhani mwenzake amebadilika na kuwa mtu mwema. Nyumba ikatulia. Kemigisha hakupigwa. Walilala kwenye majani ya migomba waliyoyatandika mahali pa godoro, na Elipidius akisema, "Kahawa ikitoka tutanunua godoro, Mama Kemigisha," mkewe alijibu ndiyo. Wote wawili walijua ni uongo, kila mtu kwa sababu yake, na bado ilikuwa raha kuusikia.

Kahawa ikaiva. Minada ilipofunguliwa bei ikapanda kuliko miaka yote ambayo watu waliikumbuka, na kila aliyekuwa amenunua maua akakimbilia kuchuma kabla hajawahiwa na wezi. Melkiory alifika asubuhi na gari dogo la mizigo na vijana wake nyuma. Hawajashusha magunia, pikipiki za Novatus nazo zikaingia uani, watu wawili wawili kwa kila moja, wamebeba turubai.

"Mnatafuta nini kwenye kahawa yangu?" Melkiory aliuliza.

"Yako? Hii nimeilipia tangu ikiwa maua."

"Nani kakuuzia?"

"Mwenye nyumba."

"Na mimi kaniuzia mwenye nyumba."

Wakageuka. Elipidius alikuwa amesimama mlangoni anapiga mswaki kwa kijiti. Evaresta alikuwa ameshika beseni la vyombo. Walitazamana, na ukweli wote ukawaingia kwa pamoja.

"Ukoo haukuchanga," Evaresta alisema.

"Na godoro halikutosha," alijibu mumewe.

Beseni lilimpiga Elipidius kifuani kabla hajamaliza. Akamrukia mkewe, wakaanguka kwenye matope mbele ya wageni wakitukanana kwa Kinyambo matusi ambayo hayaandikiki. Lakini hakuna aliyewaamua, maana huko kibanjani vijana walikuwa wameshaanza ya kwao. Kijana mmoja wa Melkiory alikuwa ameshika tawi achume, wa Novatus akampiga fimbo ya mgongo. Mwingine akapigwa kwa kichwa cha jembe, meno yake yakadondoka kati ya punje nyekundu. Matawi yalivunjika, kahawa ikamwagika chini na kukanyagwa. Walipigana kwa mateke, kwa mawe, kwa mikungu ya ndizi, na aliyeanguka alikanyagwa juu ya kaburi la mzee.

Watu wa Melkiory walikuwa wengi zaidi. Novatus alipoona anazidiwa, alichomoa panga chini ya kiti cha pikipiki.

"Kama sichumi mimi, hachumi mtu!"

Akakata mbuni wa kwanza shinani. Akakata wa pili. Mti ulilala chini na kahawa yake yote, na Novatus akaenda kwa wa tatu akihema.

Evaresta alisikia mlio wa mashina yakikatwa akiwa bado ameshika koo la mumewe. Aliachia. Alikimbia jikoni akatoka na panga la kukatia migomba, ambalo Elipidius alikuwa amelinoa juzi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililowatisha walioona. Alipita katikati ya vijana waliokuwa wanapigana, wakampisha. Novatus alikuwa amempa mgongo, ameinama kwenye shina. Evaresta aliitazama shingo yake, akaitaka. Mimi sipambi: aliitaka shingo ile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Jumanne zote, godoro, nyuso za waliocheka, vyote vilikuwa pale kwenye shingo ya mtu mmoja. Akainua panga kwa mikono miwili na kulishusha.

Elipidius aliingiza mkono.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia viliruka. Panga liliishia kwenye bega la Novatus, likachana koti na ngozi kidogo tu. Elipidius alisimama anautazama mkono wake, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Kemigisha," alisema taratibu, "ungefungwa."

Kisha akaanguka.

Novatus alikimbia na kuacha pikipiki yake. Vijana wa pande zote mbili walitawanyika mgombani, na Melkiory akawasha gari kabla wote hawajapanda. Kemigisha, yule wa mwiko, ndiye aliyefunga mkono wa baba yake kwa kitenge na kuukaza mpaka damu ikapungua. Mama yake alikuwa amepiga magoti kwenye majani anatafuta vidole, anavikuta vimechanganyika na kahawa iliyomwagika.

Hospitalini nesi aliuliza imekuwaje.

"Panga liliniteleza nikikata mgomba," Elipidius alisema.

"Wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia."

Nesi aliuangalia mkono wa kulia uliokatwa, akamwangalia Evaresta, akaandika kilichosemwa. Kisha akampima Evaresta presha bila kuombwa. Alimwambia apunguze mawazo na alale vizuri. Evaresta alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na hakuweza kukizuia mpaka wakamtoa nje.

Hakuna aliyekwenda polisi. Wanunuzi wangejieleza vipi, na butura imekatazwa? Mwenyekiti wa kitongoji aliwakalisha, Novatus akiwa na bandeji, na wakakubaliana: iliyobaki msimu ule wanunuzi wagawane, na msimu unaofuata pia wagawane, kisha kila mtu ashike njia yake. Msimu mzima na mwingine juu yake, Evaresta na Elipidius walisimama wakitazama kahawa yao ikipakiwa.

Waliishi kwa vibarua. Evaresta alilima mashamba ya watu, hata la Agnetha, na Agnetha alimlipa pungufu huku akijipapasa paja. Elipidius alijifunza jembe upya, mpini ukimtoka mkononi, na siku nyingine alilitupa kule na kupiga mgomba mateke mpaka akaumia. Hawakupigana tena. Evaresta alikuwa akiona kile kiganja chenye kidole gumba na kidole kimoja kinahangaika na kifungo cha shati, hasira yote inamshuka, inabaki aibu. Alikifunga kifungo, na mume akamwachia akifunge. Siku moja walinunua godoro la mtumba, jembamba, lina doa, wakalala mpaka jua likawakuta.

Deni likaisha. Mibuni ikatoa maua tena, hata mashina yale mawili yaliyokatwa yalikuwa yamechipua.

Ndipo Novatus akaja, amevaa koti jipya. Evaresta alikuwa peke yake uani.

"Habari za siku nyingi, mama. Maua yamependeza mwaka huu."

"Yamependeza."

"Nasikia binti amefaulu, anakwenda kidato cha tano. Mahitaji ni mengi." Akatoa hela, akaziweka juu ya kinu. "Ya zamani tumeshasahau. Mimi nanunua kwako tu, na safari hii baba hana haja ya kujua."

Zilikuwa nyingi kuliko za mara ya kwanza. Evaresta alizitazama na moyo ukaanza tena ule mwendo wake. Kemigisha alitakiwa kuwa na sanduku, godoro, viatu, na hawakuwa na hata kimoja. Alizitaka zile hela. Mkono wake ulifika kwenye ukingo wa kinu.

"Baba Kemigisha!" aliita. "Njoo. Mgeni anataka kununua maua."

Elipidius alitoka mgombani. Alizitazama hela, akamtazama mkewe.

"Umeuza?"

"Sijauza. Wewe?"

"Sijauza."

Akaingia ndani, akarudi na kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo kila mgeni wa huku hupewa akifika. Alichota kwa mkono wa kulia, punje zikimdondoka pale palipokuwa na vidole, na kumwekea Novatus kiganjani.

"Karibu, waitu. Kahawa ya kutafuna ipo," alisema, kwa lile neno la heshima la huku. "Ya kuuza bado haijaiva."

Novatus alibaki ameshika punje zile. Kisha akaokota hela zake juu ya kinu na kuondoka. Evaresta aliinama akaanza kuziokota punje zilizodondoka miguuni kwa mumewe, moja moja.