Kompyuta za Mama Odile

Tulipofungua masanduku, darasa zima lilinuka ukungu. Kompyuta zile zilikuwa kuukuu, zimetolewa na watu wa Ulaya ambao hawakuzihitaji tena, na zilikuwa zimekaa majuma mengi ndani ya boti ya mizigo iliyopanda mto kutoka Kinshasa. Sisi wanafunzi wa sekondari hapo Kabondo, mtaa wa Kisangani, tulipewa kazi ya kuzifufua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Kila siku baada ya masomo Prof Faustin, mwalimu wetu wa ufundi, alitugawia bisibisi, akatuonyesha jinsi ya kutoa vumbi kwa pampu ya baiskeli, kusafisha kwa mswaki uliochovywa spiriti, na kusugua vipande vya kumbukumbu kwa raba ya kufutia penseli mpaka ving'ae. Kioo kilipowaka kwa mara ya kwanza tulikitazama kama watu wanaotazama mtoto akisimama.

Kompyuta hizo hazikuwa zetu. Zilikuwa za Mama Odile, mwalimu aliyefika mjini na familia za wavuvi ambao mafuriko ya mto yalikuwa yamewanyang'anya nyumba, mashamba na nyavu. Walilala katika ukumbi wa parokia, na yeye aliwafundisha humo humo. Aliamini kwamba vijana wakubwa wakijua kuchapa, wataweza kupata kazi katika vibanda vya fotokopi vya mjini na kulisha wadogo zao. Mara nyingi alipita darasani kwetu, akakaa kwenye benchi la nyuma, akatuangalia tukifanya kazi.

Aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko sisi wote ni Clarisse, rafiki yangu, binti wa familia iliyotoka Yanonge. Alhamisi moja umeme ulikatika mchana. Kila mkazi wa Kisangani anajua kwamba umeme wa bwawa la Tshopo ukirudi unaweza kurudi na nguvu ya kuunguza vitu, kwa hiyo daima mmoja wetu alibaki kuchomoa plagi zote. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Clarisse. Sisi wengine tulikuwa tumekwisha kutoka. Kabla hajamaliza, jirani yao alifika kwa pikipiki akamwambia mama yake ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, na hali ni mbaya. Clarisse alipanda nyuma ya pikipiki wakaenda. Umeme ulirudi kabla ya jioni. Mlinzi wa shule aliona moshi ukitoka dirishani.

Kesho yake tulisimama mbele ya mashine zilizoungua, nyeusi mgongoni, na hasira ikatujaa. Tulikuwa tuzipeleke parokiani Jumamosi. Clarisse aliingia akiwa amechelewa, na nguo ya shule ya jana. Hakuna aliyempa nafasi ya kukaa. Mvulana mmoja, Trésor, alisema kile ambacho wengi walikuwa wanakifikiri. "Bon, ye mwenyewe aende kuwaelezea wale watu. Sisi tulifanya kazi, ye akaharibu." Nilimshika Clarisse mkono, ulikuwa baridi. Prof Faustin alianza kusema kwamba kosa ni lake, kwamba angepaswa kutafuta kifaa cha kutuliza umeme kabla ya yote, lakini kelele zilimzidi.

Mama Odile, aliyekuwa amesikia habari ya pikipiki kutoka kwa mlinzi, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyepoteza mengi kuliko sisi sote. Alipita katikati yetu, asitazame hata mashine moja, akamwendea Clarisse.

"Mama yako iko namna gani?"

"Mama iko muzima," Clarisse alijibu, akiangalia chini. "Mutoto ndiye alikufa."

Mama Odile alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akamfunika nacho mabegani, akatoka naye. Trésor aliketi chini, akaficha uso.

Majuma yaliyofuata tulikata na kuunganisha, tukichukua moyo wa mashine moja na jicho la nyingine, mpaka tukapata tatu zinazofanya kazi. Ndizo zilizofika parokiani. Vijana walizitumia kwa zamu, na wawili kati yao wanachapa mjini hadi leo. Clarisse hakurudi. Familia ilishuka mto kwenda kwa bibi yake Yanonge, na niliposikia habari zake tena alikuwa anauza samaki wa kukaushwa. Bisibisi hakuishika tena.

Siku hizi mimi ndiye ninayewafundisha wanafunzi kazi hiyo. Tuna paneli za jua, tuna vifaa vya kutuliza umeme, na kompyuta zinazoletwa ni nyepesi, unabeba tano kwa mkono mmoja. Hakuna iliyotuungulia bado. Lakini mwezi uliopita msichana mmoja aliangusha kioo kikavunjika, na kabla sijafika nilisikia wenzake wakimzomea. Nimewapa vijana hawa kila chombo ambacho sisi hatukuwa nacho. Ile sauti ya Mama Odile bado sijajua naitoa wapi niwape.