Mimi Hapana Lala

Niliwahi kuwa mbung'o. Si utani, ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya pale Arua niliporudi kutoka Zaire. Makumbusho yenyewe yalikuwa chumba kimoja cha bati linalovuja, nyuma ya ofisi za wilaya: ndege waliokaushwa, nyoka ndani ya chupa, hadubini moja, na sanduku la kioo lenye mbung'o waliochomwa pini. Watu walichungulia mlangoni, wakaona vitu vimekufa, wakaenda zao sokoni. Mkubwa wetu, mwalimu wa sayansi aliyesomea Dar es Salaam, akachoka kukaa peke yake na nyoka. Akasema kama watu hawataki kusoma maandishi ya ukutani, basi waigiziwe.

Mimi nilipewa umbung'o kwa sababu ya urefu. Wakanitengenezea mabawa ya chandarua kikuukuu juu ya vyuma vya mwavuli, mdomo wa pampu ya baiskeli, na kichwani gunia lenye matundu mawili ya macho. Mkubwa alishikilia kwamba nikitua lazima nikunje bawa moja juu ya jingine kama mkasi, maana hapo ndipo mbung'o anapotofautiana na nzi wa chooni. Nikakunja, sikubishana. Lakini lile gunia nililichukia tangu siku ya kwanza, na nilikuwa na sababu.

Nilikuwa namtafuta mdogo wangu. Tulizaliwa wawili tu, mabinti wa mwanajeshi, tukalelewa kambi ya jeshi na Kiswahili chetu tukakipata hukohuko. Vita ilipoingia mwaka wa sabini na tisa, na fujo zilizofuata, mimi nilikuwa Arua na mama, yeye ameshaolewa Lurujo, upande wa Koboko. Sisi tukakimbilia Zaire, wao Sudan. Kila mtu alikimbilia mpaka uliokuwa karibu naye, basi. Mama alifia hukohuko. Niliporudi nilipanga chumba mtaa wa Oli, nikapika kwa sufuria ya mtu mmoja, na jioni nilijikuta nasemezana na kuku wa jirani. Lurujo nilikwenda. Boma la shemeji lilikuwa limeota nyasi hadi kifuani, na niliokutana nao barabarani waliniambia watu wa huko wangali Sudan.

Kwa hiyo msidhani niliingia kazi ile kwa mapenzi ya sayansi. Hesabu yangu ilikuwa moja: watu watakuja kutazama, watu wengi, na siku moja katikati yao atakuwemo yeye, au mtu anayemjua, aone uso wangu. Tulifanana sana. Mama mwenyewe alikuwa akituita kwa kubahatisha. Halafu ndiyo wananivika gunia! Nilimwomba mkubwa anipe nafasi ya mgonjwa, yule mama anayeugua malale, ambaye uso wake uko wazi mwanzo hadi mwisho. Akasema nafasi ile ni ya binti mmoja wa kwaya ya kanisa la Ediofe, kwa kuwa anajua kuanguka vizuri. Kuanguka! Kana kwamba mimi nilikuwa nimesimama miaka yote ile.

Igizo lilikuwa jepesi. Mama anateka maji mtoni, mbung'o anamuuma. Mkubwa anapiga ngoma kuonyesha miezi inapita. Mama anaanza kusinzia mchana, ugali unaungua, mume anamwita mvivu, mawifi wananong'ona kwamba usiku huwa anakwenda kuwanga ndiyo maana mchana hajiwezi. Hapo watu hucheka hadi machozi, na mkubwa aliwaacha wacheke. Kisha anaingia yeye mwenyewe, anamshika mgonjwa shingo kwa nyuma, anawaonyesha mahali tezi zinapovimba, anawaeleza kuna vijidudu ndani ya damu, na huyu si mvivu, ni mgonjwa, na dawa ipo akiwahishwa hospitali. Halafu anawapanga foleni kwenye hadubini. Kicheko kilikatika palepale kila mara. Mkubwa aliniambia kwamba mtu aliyecheka kwanza ndiye hasahau somo.

Miaka ikasogea, na Sudan nako kukawaka moto. Watu wetu wakaanza kurudi kupitia Koboko, na mizigo vichwani na vikapu mikononi, na malale nayo ikarudi nao. Mkubwa akaamua makumbusho yawafuate. Tukafunga masanduku ya kioo kwa magodoro, tukayapakia kwenye gari la wilaya, tukaenda kuyapanga ndani ya darasa moja la shule huko Koboko. Na kama bahati, binti wa kwaya akashikwa na malaria. Dereva akavishwa gunia, akilalamika njia nzima, na mimi nikapewa ugonjwa. Loo, nilivyofurahi! Nilijipaka mafuta usoni nikang'aa. Nikasogeza kitambaa nyuma paji la uso lionekane lote.

Tatizo lilikuwa maneno. Mume akimshtua mgonjwa pale jikoni, mgonjwa alitakiwa aseme, "Samahani mume wangu, nimechoka." Maneno baridi kama uji wa jana. Mimi nikaweka ya mdogo wangu. Yule mtoto alisinzia kila mahali tangu udogoni, chuoni juu ya msahafu, jikoni juu ya jiwe la kusagia. Baba akimpigia kelele, anajibu macho yamefumbwa, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: mimi hapana lala, mimi iko naangalia ndani. Baba alikuwa mkali, lakini hapo alishindwa na kicheko, akamwacha. Mkubwa aliposikia maneno hayo kwenye mazoezi alitaka niyanyooshe, niseme "Silali, ninaangalia ndani." Nilimwambia hakuna mtu Koboko anayesinzia kwa Kiswahili cha redio. Akaniachia, ingawa alinuna mpaka jioni.

Siku ya onyesho darasa lilijaa hadi madirishani. Niliteka maji, nikaumwa, nikaanza kusinzia. Kila nilipoinamisha kichwa nilifungua jicho kidogo nikapekua nyuso, safu kwa safu. Mume akanitikisa. Nikasema maneno yangu, macho nimefumba, na darasa zima likaangua kicheko, watoto wakaanza kuyarudia huko nje. Mwanamke mmoja tu hakucheka. Alikuwa mtu mzima, amesimama karibu na chupa ya nyoka, na mkono wake ulikuwa mdomoni.

Mkubwa alipomaliza maelezo watu walikwenda kwenye hadubini. Yule mama hakwenda, alikuja kwangu. Hakunisalimia. Alipitisha vidole nyuma ya shingo yangu, palepale aliposhika mkubwa, akapapasa, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kusema vile. Nikamwambia ni maneno ya mdogo wangu, na sijamwona tangu vita. Nilikuwa natabasamu, Mungu anisamehe, nilidhani ananiletea habari njema. Akanitazama uso kama anayeulinganisha na mwingine.

"Yeye ilikuwa jirani yangu kule kambi ya wakimbizi, Sudan," akasema. "Kila siku analala kwa sufuria. Watu naamsha yeye, yeye nasema hivyo hivyo, mimi iko naangalia ndani. Sisi nacheka. Wallahi, binti yangu, sisi nacheka mpaka siku ile yeye hapana amka."

Mengine alinieleza tukiwa tumekaa kwenye dawati, mabega yetu yakigusana. Shemeji alikuwa amekwisha kumwacha mdogo wangu kwa ajili ya uvivu wake. Yeye, yule jirani, ndiye aliyemwosha maiti, na alipomgeuza shingo vidole vyake vilikuta vinundu, akadhani ni kwa sababu ya kukonda. Ndiyo maana alinipapasa. Alitaka kuhakikisha kama ni pale. Nilimwambia ni pale.

Akainuka akamwendea mkubwa, akamuuliza kama dawa hiyo anayoitangaza ilikuwepo tangu miaka ile au ni ya sasa. Mkubwa alivua miwani.

"Ilikuwepo, mama," akasema.

Sikumlaumu yule mama, na sikumlaumu mtu yeyote wa kambi ile. Ningelaumu kwa kinywa gani? Mimi niliyemjua mdogo wangu tangu anatambaa, mimi niliyezoea usingizi wake, ningekuwepo kule nikamwona juu ya sufuria, ningekuwa wa kwanza kucheka. Hilo ndilo nililolibeba njia nzima ya kurudi Arua. Chumba changu Oli kilikuwa vilevile nilivyokiacha, sufuria imefunikwa, na sikuwasha moto siku ile.

Wiki iliyofuata mkubwa aliniambia nafasi ya mgonjwa sasa ni yangu, watu wameniulizia. Nikamwambia amrudishie binti wa kwaya, na mimi anipe gunia langu. Alinishangaa, maana alikumbuka nilivyomsumbua. Sikumweleza kwamba sasa hapakuwa na mtu wa kuuona uso wangu akaniita kwa jina la nyumbani. Binti wa kwaya alikuja kuniomba nimfundishe yale maneno, kwa kuwa Koboko nzima walikuwa wakiyasema. Nikamfundisha. Nilimwonya asifungue macho, na maneno asiyanyooshe hata kidogo.

Aliyasema vizuri, kila onyesho. Mimi nilikuwa pembeni, mabawa nimeyakunja moja juu ya jingine, ndani ya gunia, nikiwasikia wanavyocheka, nikimsubiri mkubwa aje amshike shingo.